Samaki na Mboga kwa Maji Mamoja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika, Singida Mjini)



Miaka 10 katika maisha ya chama cha ushirika si michache. Mtoto aliyezaliwa mwaka chama hiki kilipoandikishwa sasa aweza kwenda kisimani akarudi na ndoo kichwani, tena aweza kuisoma stakabadhi ya baba yake na kumwambia kama karani ameandika sawasawa. Hilo la pili ndilo lililotufurahisha zaidi katika miaka hii, kwa maana chama cha wakulima wasioweza kusoma hesabu zao si chama, ni duka la mtu mwingine.

Wenzetu waliotutangulia kusema wameeleza habari za alizeti, za vitunguu na za mizani. Sisi tumepewa jambo dogo zaidi, jambo la uani. Tumeombwa tueleze habari za kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, kazi ambayo wataalamu huiita akuaponiki. Sisi tusemao ni wanachama saba wa chama kimoja cha msingi cha hapa mjini, wanawake wanne na wanaume watatu. Hatukuja kuwasifia kitu kipya. Tumekuja kuwapeni hesabu yake, faida na hasara, ili Halmashauri ikate shauri ikijua inalolikata.

Kwanza tuseme kwa nini tulianza. Kila mtu aliyekaa Singida ajua kuwa mvua yetu ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, hukoma Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima hupatikana milimita 600 hadi 700 hivi. Wakati wa masika mchicha hauna bei. Ifikapo Septemba fungu la mchicha huwa dogo kama ua la kuwekea sikioni, na mama wa nyumba hurudia mlenda mkavu aliouhifadhi. Samaki nao hutujia kutoka mbali, wengine kutoka Ziwa Kitangiri kule Iramba. Hapa mjini twakaa kando ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, lakini maji yake ni ya chumvi na magadi. Ukiyamwagia mboga utaiunguza. Basi twakaa kando ya maji tukiwa na kiu ya mboga.

Tena tulikuwa na sababu nyingine, nayo ni ya heshima. Yuko samaki mmoja wa jamii ya perege ambaye wavuvi wa Ziwa Viktoria humwita ngege. Katika vitabu vya Kiingereza samaki huyo hubeba jina la Singida. Zamani ngege ndiye aliyekuwa tajiri wa Ziwa Viktoria. Nyavu za kisasa za kutega ziliingia huko mwaka 1905, naye akavuliwa bila kipimo. Miaka ya 1950 na 1960 wakapandikizwa sangara na sato, na leo ngege ameadimika mno katika ziwa lile. Samaki mwenye jina letu amekaribia kutoweka, na sisi wenye jina tulikuwa hatujui hata kumlisha perege mmoja ndani ya pipa. Jambo hilo lilituaibisha.

Wala tusidhani kuwa ufugaji wa samaki ni mgeni katika nchi hii. Majaribio ya kwanza ya kufuga perege yalifanywa mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mwaka 1967 Serikali ilianzisha kampeni ya taifa, na kufikia mwaka 1968 yalihesabiwa mabwawa kiasi cha 8,000. Mengi yao hayakudumu. Yalikuwa madogo mno, samaki waliochaguliwa hawakufaa, ukame uliyakausha, na waliochimba hawakufundishwa namna ya kutunza. Bwana Mwenyekiti, habari hii yatukumbusha nyingine iliyo karibu zaidi na nyoyo zetu. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wengi wetu tu watoto wa wanachama wa vyama vile. Twajua kuwa kitu kinachoanza kwa kishindo, kikaenea nchi nzima kabla mwenyewe hajakielewa, huacha mashimo. Twaomba mlishike neno hili, kwa maana tutalirudia mwisho.

Sasa tueleze kazi yenyewe jinsi ilivyo.

Samaki alaye hutoa taka. Nyingine ni kinyesi, lakini iliyo nyingi zaidi hutoka kwa njia ya matamvua yake, nayo huitwa amonia. Amonia ni sumu. Ikizidi katika maji, samaki huungua matamvua na kufa. Lakini ndani ya udongo na maji wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni hiyo amonia. Kundi la kwanza huigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haimdhuru samaki kwa kiasi cha kawaida. Na naitreti, ndugu wakulima, mnaijua sana: imo katika mbolea ya CAN mnayoinunua kwa mfuko. Mboga huinywa kwa mizizi yake, na maji yakiisha kupunguziwa naitreti hurudi kwa samaki. Samaki alisha mboga, mboga yamsafishia samaki nyumba yake, na katikati yupo kijidudu asiyelipwa na mtu.

Wazo hili ni la zamani. Wachina tangu kale hufuga samaki katika mashamba ya mpunga, na watu wa Mexico ya kale walilima juu ya matuta yaliyozungukwa na maji ya ziwa, wakiyarutubisha kwa tope lake. Namna ya kisasa, ya matangi na mabomba, ilifanyiwa kazi sana katika Chuo Kikuu cha Visiwa vya Virgin kuanzia mwaka 1980, na mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa kitabu cha mafunzo kwa watu wenye uwanja mdogo. Vipimo tutakavyovitaja vyakubaliana na mafundisho hayo, nasi tumevijaribu kwa mikono yetu.

Chombo chetu ni tangi la lita 1,000. Juu yake kando kipo kitanda cha changarawe chenye eneo la mita 3 za mraba na kina cha sentimita 30. Pampu ndogo hupandisha maji kitandani, nayo huchujika katika changarawe na kurudi tangini yakianguka kwa kishindo, na kule kuanguka huyatia hewa. Tangi la namna hii, kwa mtu anayeanza, lisipite kilo 20 za samaki waliokomaa. Kitanda hicho cha mboga za majani hutosheka na taka ya gramu 150 hivi za chakula cha samaki kwa siku. Ukilisha zaidi, maji yatachafuka. Ukilisha pungufu sana, mboga itadhoofika. Ndiyo mizani ya kazi hii, nayo haikubali kupunjwa.

Changarawe yenyewe ina mtihani wake. Mawe ya chokaa hayafai, kwa maana huyafanya maji kuwa makali kama magadi, na katika maji ya namna hiyo sumu ya amonia huzidi nguvu. Chukueni kokoto chache, mzitie siki. Zikitoa povu, ziacheni. Hapa Singida Mungu ametujalia majabali ya matale kila upande, na kokoto zake hazitoi povu. Zioshwe tu mpaka maji yatoke meupe. Lakini angalieni uzito: mita moja ya ujazo ya changarawe hufikia tani moja na nusu. Sisi tuliweka kitanda juu ya nguzo za mkaratusi zilizokuwa zimeliwa na mchwa, zikavunjika siku ya pili. Tangu hapo twatumia matofali.

Sasa twafika mahali ambapo tungependa kupita upesi, lakini hatutapita.

Tulipolijaza tangi mara ya kwanza, maji yalikuwa meupe kama ya mvua, nasi tukafurahi. Siku ya tatu tukatia vifaranga 60. Wiki ya pili walikuwa wakipanda juu kuvuta hewa kwa midomo. Wiki ya tatu tulihesabu waliokufa 41. Mwenzetu mmoja akasema kuna jicho la watu. Mwingine akasema muuzaji ametuuzia wagonjwa. Kosa lilikuwa letu. Wale vijidudu tuliowataja hawazaliwi kwa siku moja. Huchukua wiki nne hadi sita kujaa katika changarawe. Sisi tuliwaleta wageni kabla ya kumweka mpishi jikoni. Maji meupe si ushahidi wa maji salama, kwa kuwa amonia haina rangi. Leo twatia samaki wachache mno kwanza, twawalisha kidogo, twangoja wiki sita, na twapima maji kwa dawa ya kupimia kabla ya kuongeza.

Mara ya pili umeme ulikatika usiku, pampu ikasimama, nasi tumelala. Samaki wakubwa waliobanana katika tangi huweza kufa kwa saa chache wakikosa hewa. Tuliamka alfajiri tukawakuta wanahema juu. Tuliwaokoa kwa kuchota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, zamu kwa zamu, mpaka jua lilipochomoza. Usiku ule ulitufundisha mambo mawili. Kwanza, asiye na betri ya akiba asijaze tangi. Pili, mtu asiye na umeme kabisa naye aweza kufanya kazi hii, ila kwa samaki wachache, kilo tano tu hivi, akichota maji mara nyingi kwa siku na kuyapitisha kitandani kwa mkono. Wako wenzetu wawili wafanyao hivyo. Samaki wao si wengi, lakini mboga hawanunui.

Jambo la tatu halikutoka tangini, lilitoka bombani. Ilikuwa Oktoba, foleni ya ndoo imefika barabarani. Mama mmoja, jirani yetu, akatuambia mbele ya watu wote: “Ninyi mwawapa samaki maji, na watoto wetu hawajaoga.” Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani tukaona haya, na wawili miongoni mwetu wakataka kazi iachwe.

Badala ya kuiacha tulipima. Tulitia alama tangini, na kila asubuhi kwa siku 30 tukaandika katika daftari ni maji kiasi gani tuliyoyaongeza. Wataalamu husema chombo cha namna hii hupoteza asilimia 1 hadi 3 ya maji yake kwa siku, yaani lita 10 hadi 30 katika lita 1,000. Sisi tulipata wastani wa debe moja kwa siku, lita 20. Si kweli, basi, kwamba samaki hunywa maji ya mtaa mzima. Lakini si kweli pia kwamba hawanywi kitu. Debe moja katika mwezi wa Oktoba ni maji ya kuogesha watoto watatu.

Ndipo tulipotazama juu. Nyumba yenye paa la bati la mita 40 za mraba, mvua ikinyesha milimita 600, hupokea lita 24,000. Tukitoa sehemu moja katika tano kwa yale yanayomwagika na kukauka, zabaki zaidi ya lita 19,000. Miezi saba ya kiangazi yahitaji debe 210, yaani lita 4,200. Kwa hiyo mtu mwenye mfereji wa bati na hifadhi ya lita 5,000 aweza kupitisha kiangazi bila kukanyaga foleni ya bomba. Tena maji ya mvua hayana chumvi, wala floraidi ambayo imo kwa wingi katika visima kadha wa kadha vya mkoa wetu. Na anayetumia maji ya bomba yenye dawa ya klorini ayaache wazi siku mbili kabla ya kuyatia kwa samaki.

Tangu hapo tumejiwekea sharti: asiyekinga mvua, asifuge. Yule mama hakutuomba radhi, wala hatukumtaka atuombe. Neno lake ndilo lililotufanya tupime, na bila yeye tungekuja mbele yenu leo na maneno matupu.

Tuseme sasa yaliyopatikana. Katika jaribio letu la tatu tulivuna kilo 14 za sato kwa miezi minane. Mwezi Juni na Julai samaki hawakukua, kwa kuwa mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku maji hupoa. Perege hupenda maji ya vuguvugu ya nyuzi 27 hadi 30. Mchicha, chainizi na sukumawiki vilikatwa tangu wiki ya tano na havikukoma. Majani yalipogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, tuliambiwa ni upungufu wa chuma, jambo la kawaida katika kazi hii. Kitunguu tuliacha shambani, ndiko kwake. Dawa ya wadudu hatukupiga hata mara moja, kwa maana dawa iuayo kidomozi huua na samaki. Tuliwaokota kwa mkono na kufunika kitanda kwa chandarua.

Je, kuna fedha? Tutawajibu bila kuficha. Kwa samaki peke yake, gharama ya tangi haikurudi. Kwa mboga, imeanza kurudi. Kwa watoto kula mboga na kitoweo Oktoba bila kwenda sokoni, faida ilionekana mezani kabla haijaonekana daftarini. Kazi hii ni ya kitoweo kwanza na biashara baadaye. Mtu akiwaambia itawatajirisha kwa msimu mmoja, mwulizeni daftari lake.

Kinachokula fedha zaidi ni chakula. Kilo moja ya samaki yahitaji kilo moja na nusu hadi mbili za chakula kizuri. Hapa ndipo mkulima wa Singida ana bahati ambayo wengine hawana. Kila mwaka twapeleka alizeti kukamuliwa, tukabeba mafuta, tukayaacha mashudu kinuni kana kwamba ni takataka. Mashudu yana protini nyingi. Hayatoshi peke yake, kwa kuwa yana makapi ambayo samaki hawezi kuyasaga vizuri, lakini yakichanganywa na dagaa waliosagwa na pumba huwa chakula cha kufaa. Sharti yawe makavu. Yaliyoota ukungu yatupwe, yasipewe samaki wala kuku wala mtu. Tukumbuke mwaka 2016, sumukuvu ilipoua watu katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi.

Bwana Mwenyekiti, tumefika kwenye maombi. Twasikia kuwa wako wajumbe wanaotaka kila mwanachama akopeshwe tangi na pampu, na deni likatwe katika mauzo ya alizeti. Twajua kuwa wanatutakia mema. Hata hivyo twaomba kwa heshima jambo hilo lisifanywe. Sisi saba tulipoteza samaki 41 kwa ujinga wa wiki tatu. Wakipotea kwa wanachama mia tano ambao alizeti yao imekwisha kuwekwa rehani, msiba hautakuwa wa samaki tena, utakuwa wa chama. Tumekwisha kuona yaliyoyapata mabwawa 8,000.

Badala yake twaomba haya. Kila chama cha msingi kiwe na tangi moja tu la mafunzo, kwa mwaka mmoja, mahali ambapo kila mwanachama aweza kuingia na kutazama, na daftari lake liwe wazi kama daftari la mizani. Chama Kikuu kinunue vifaranga kwa pamoja, madume matupu, maana perege wakichanganyika huzaana mapema wakajaa na kudumaa. Na kabla ya kununua tupate shauri la Afisa Uvuvi wa Manispaa. Mashudu ya wanachama yarudi kwa wanachama. Na fedha iliyokusudiwa mikopo ya pampu itangulie kununua mifereji ya bati, kwa sababu mfereji humfaa hata yule asiyetaka samaki.

Ombi la mwisho hatuliombi kwa Halmashauri, twaliomba kwa kila mmoja wenu. Mtu akichoka kufuga asiwamwage sato wake Singidani, wala Kindai, wala Kitangiri. Maziwa ya chumvi ya nchi hii, kama Manyara, Eyasi na Kitangiri, yana perege wake wa asili ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Yaliyompata ngege kule Viktoria yalianza kwa mtu kumwaga samaki mgeni akidhani anafanya hisani. Aliyechoka awale samaki wake, awaalike majirani, mambo yaishe.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Sisi twaongeza kuwa tone na tone la paa hujaza tangi, na mwaka ujao, Mungu akipenda, milango yetu saba iko wazi. Njoni mwezi wa Oktoba, si masika, maana masika kila mtu ni hodari wa bustani. Mtakuta daftari juu ya meza, na mchicha jikoni.

Chama chetu na kiishi.